Njia ya Hatua Nne

Kazi yake ilikuwa kusimama. Hivyo ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa, na hakuwa anatania. Kwa miaka ishirini na tisa aliwashikia fito wapima ardhi wa mji: ile fimbo ndefu yenye mistari miekundu na myeupe, ambayo mtu huishika wima mahali fulani huku mpima yuko mbali, jicho limebanwa kwenye darubini yake, anasoma. Ukitikisika, kipimo kimeharibika. Ukisinzia, kiwanja cha mtu kimehamia kwa jirani.

Aliingia kazini kwa bahati. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, anapita zake na ndoo ya maji, akakuta mpima mmoja mzee amefura kwa hasira kwa sababu mshika fito wake ameenda kununua sigara na hajarudi. "We binti," mzee akaita, "hebu nishikie hii dakika mbili." Yule wa sigara hakurudi siku hiyo wala kesho yake. Binti naye hakuiachia fito mpaka siku aliyostaafu. Mtaa ukamwita Bi Fito. Mumewe, alipokuwa hai, alimwita hivyohivyo, na akija kukasirishwa naye alisema, "Mke wangu ukimsimamisha mahali, hata ng'ombe kumi hawamtoi."

Mpima mzee alimfundisha pia kutembea. Wiki nzima alimpitisha kando ya mnyororo wa kupimia, huku na huko, hadi hatua yake ikawa sentimita sabini na tano, haizidi haipungui. Tangu hapo miguu yake ilihesabu yenyewe, apende asipende. Kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua sita. Kutoka mlangoni hadi kwenye kibanda cha kinyozi pale mwisho wa mtaa, mia moja na arobaini.

Kitu kingine alichoondoka nacho kazini ni magoti mabovu. Miaka yote ile ya vichaka, mawe na mitaro ilikuja kudai chake baada ya kustaafu. Daktari aliyapapasa, akatikisa kichwa, kisha akamwambia dawa nzuri kuliko vidonge ni kutembea ndani ya maji ya bahari, maji ya kiuno, kila siku. "Maji yatakubebea uzito," alisema. "Goti litafanya kazi bila kubeba mzigo."

Bi Fito akafuata maagizo kama alivyofuata maagizo maisha yake yote. Kila kulipopambazuka alivaa gauni lake kuukuu, akapita kwa kinyozi, akaingia kwenye kichochoro kilichokuwa kati ya nyumba mbili kubwa za zamani, akatokea mchangani. Kichochoro kile kilikuwa na upana wa hatua nne. Hakukuwa na mtu wa mtaa ule ambaye hakukitumia. Watoto walijifunzia kuogelea pale mwisho wake. Fundi viatu, aliyepooza upande mmoja, aliletwa na mkewe kila jioni kukaa kwenye mchanga wa uvuguvugu na kukunja na kukunjua vidole. Bi Fito mwenyewe aliingia hadi kiunoni, akatembea hatua arobaini kwenda na arobaini kurudi, uso mkavu kama askari wa zamu. Baada ya miezi mitano alianza kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Kisha nyumba zile mbili zikanunuliwa pamoja. Mnunuzi alikuwa mhandisi aliyekusanya fedha zake nchi za mbali, na alitaka kuzigeuza nyumba ya wageni. Mtaa ulifurahi, maana mafundi walipata kazi. Mabati yalizungushwa, mashine ya kuchanganya zege ikanguruma mwezi mzima. Asubuhi moja Bi Fito alifika kwa kinyozi na kukuta kichochoro hakipo. Pale kilipoanzia palikuwa na ukuta mpya uliopakwa chokaa, geti jeusi, na kibao: ENEO BINAFSI, HAKUNA KUPITA.

Mbele ya geti alisimama mlinzi mwenye sare mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Salama tu." Mkwe alikuwa akiangalia viatu vyake. "Mama, njia imefungwa."

"Naona. Nani kaifunga?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Lini njia hii ikapata mwenyewe?"

"Mama, mimi nimeajiriwa juzi tu. Nimeambiwa asipite mtu."

"Na mimi ni mtu?"

Mkwe akameza mate. Mtu na mama mkwe wake hata kutazamana usoni hufanya kwa adabu, sembuse kuzuiana mlangoni. "Mama," akasema kwa unyonge, "ungekuwa si mtu ningekupitisha."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo alipoyasikia, akafumba macho. Bi Fito aliuma mdomo kuzuia kicheko. Halafu kicheko kikamwisha, kwa sababu nyuma ya geti alisikia maji.

Akageuka. Kinyozi alikuwa tayari mlangoni kwake na kitana mkononi. Mtaa ulimwita Redio, maana hazimiki. "Bi Fito!" akapaza sauti. "Mkwe kakufungia mlango? Basi dunia imekwisha!"

"Haijaisha," Bi Fito akamjibu. "Imezibwa hatua nne tu."

Wiki ile alijaribu kuzunguka. Njia nyingine ya kufika mchangani ilikuwa mbele ya bandari ndogo, hatua elfu mbili na mia sita kwenda tu, juu ya barabara ya lami yenye malori. Siku ya tatu goti la kulia lilivimba likawa kama papai. Mke wa fundi viatu hakujaribu hata siku moja, kwani mtu aliyepooza habebwi mgongoni umbali ule. Na watoto, ambao hawajui kukata tamaa, walianza kupanda ukuta. Mmoja akaanguka, akavunjika mkono.

Jumapili binti yake alimtembelea. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya kubembeleza aliyoitumia hata kwa watu wazima, lakini siku hiyo hakubembeleza.

"Redio anasema unataka kwenda kushtaki."

"Redio anasema mengi. Hili kalipatia."

"Mama! Miezi minane mume wangu alikaa nyumbani akihesabu misumari ya dari. Kampuni ya malori ilipofungwa hakuna aliyemtaka. Leo kapata, unataka afukuzwe?"

"Sina ugomvi na mkwe wangu. Nina ugomvi na ukuta."

"Ukuta hauli mshahara, mama. Yeye ndiye anayekula. Na mimi. Na mjukuu wako."

Bi Fito alimwekea binti chakula, hakikuliwa. Alipokuwa anaondoka, binti alisimama mlangoni akasema, "Mama, safari hii moja tu, kaa pembeni." Bi Fito alitikisa kichwa polepole, si kwa ukali. Binti alishuka ngazi bila kuaga.

Kesho yake Bi Fito alivaa gauni lake la kutokea akaenda kumwona mhandisi mwenyewe. Aliona si haki kumshtaki mtu ambaye hujawahi kumsikiliza.

Mhandisi alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila alipofikiri. Alimketisha kwenye kiti cha kitambaa, akamletea maji ya matunda kwa mkono wake, akasikiliza habari za magoti mpaka mwisho.

"Mama yangu," akasema, "mimi sijafunga bahari. Bahari ni ya wote, sheria inasema hivyo, na mimi naiheshimu. Nimefunga uwanja wangu. Hao waliokuwa wakipita walipita kwa hisani ya waliokuwa na nyumba kabla yangu."

"Kwa hiyo kisima ni changu, ila kamba ni yako."

Mhandisi alicheka kwa dhati. Akafuta miwani. "Nitakufanyia jambo. Nitakupa kibali, wewe binafsi. Kila asubuhi utapita kwenye bustani yangu, uende majini, urudi. Mlinzi ni mkweo, nimeambiwa. Hamtasumbuana tena."

Bi Fito aliwahi kusema baadaye kwamba hakuna wakati miguu yake ilimsaliti kama pale. Magoti yake yote mawili yalisema ndiyo. Akilini alikiona kile kibali, alimwona mkwe akifungua geti na kutabasamu, alimwona binti akirudi kula nyumbani kwake. Alikunywa maji ya matunda yote, akaweka glasi mezani.

"Na fundi viatu?"

"Mama, nikimfungulia mmoja mmoja, mwisho nimefungua soko."

"Basi hebu nionyeshe hati yako, kama hutajali. Nimefanya kazi na hati."

Mhandisi hakujali. Alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hafichi makaratasi. Alimtandikia ramani mezani: kiwanja kimoja kikubwa, mistari minne, mihuri yote. Njia haikuwepo. Bi Fito aliinama, akafuata kwa kidole namba za mawe ya mipaka, yale mawe ya zege yenye chuma katikati yanayofukiwa kwenye pembe za viwanja. Akazisoma mara mbili. Namba zile alizijua. Mawe yale aliyafukia mwenyewe, mwaka wake wa kwanza wa kazi, mpima mzee akimfokea kwamba anachanganya zege kama anakoroga uji. Na hayakuwa manne. Yalikuwa manane, manne kwa kila kiwanja.

"Ahsante kwa kinywaji," akasema. "Kibali chako ni kizuri. Kiweke kwanza."

Ofisi ya ardhi ilikuwa imehamia jengo jipya, lakini harufu yake ilikuwa ileile ya wino na vumbi. Karani wa mapokezi, ambaye hakumfahamu, alipekua kitabu kwa dakika moja akasema faili la viwanja vile liko nje.

"Nje wapi?"

"Nje tu, mama."

"Litarudi lini?"

"Likirudi."

"Sawa. Nitalisubiri." Akaketi kwenye benchi. "Usiwe na wasiwasi na mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimama. Kusubiri nikiwa nimekaa ni likizo."

Alikaa siku nzima. Kesho yake alikuja na mto wa kukalia. Siku ya tatu karani alianza kupitia mlango wa nyuma ili asikutane na macho yake. Mchana wa siku hiyo akapita mpima kijana, mwanamke mwenye buti zenye matope, akasimama ghafla.

"Bi Fito? Si wewe uliyenishikia fito nilipokuja kufanya mazoezi ya chuo? Ulinikemea nikalia!"

"Ulikuwa unasoma namba kinyumenyume, mwanangu."

"Nilikuwa nasoma kinyumenyume," mpima akakubali, akamkumbatia.

Alipoelezwa, uso wake ulibadilika. Faili likipotea limepotea, alisema. Bi Fito akamwambia hataki faili. Faili ni la mezani, na mezani mtu huweza kuandika anachopenda. Yeye anataka daftari la uwandani, lile ambalo mpima huandika akiwa amesimama juani, kwa penseli, kabla hajarudi ofisini. Madaftari hayo hayakuwahi kukaa pamoja na mafaili, na aliyetaka kuficha jambo pengine hakulijua hilo.

Waliyakuta kwenye chumba cha chini, ndani ya sanduku la bati, nyuma ya viti vibovu. Iliwachukua alasiri mbili. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja palikuwa na mwandiko wa kukwaruza wa mpima mzee: viwanja viwili, na katikati yao mistari miwili iliyokwenda sambamba hadi baharini. Kati ya mistari hiyo aliandika: *njia ya watu wote, mita tatu.* Chini yake palikuwa na vipimo kutoka ukingo wa barabara, na vingine kutoka kona ya shule ya msingi. Miaka mingi baadaye mtu fulani ofisini aliunganisha viwanja viwili kwa kuchora mstari mmoja kuvizunguka vyote, bila kwenda kutazama, na njia ikamezwa katikati kama nzi kwenye chai.

Shauri likapelekwa kwenye baraza la ardhi la mji. Redio alijipa kazi ya kukusanya saini. Alikuwa na mbinu yake: humnyoa mteja nusu ya kichwa, kisha anaweka mashine chini na kuleta karatasi. Watu mia nne na kumi na wawili walisaini, akiwemo afisa mmoja wa polisi aliyekuwa amekuja kunyoa ndevu tu.

Wakili wa mhandisi hakutikiswa na saini. Wala hakutikiswa na daftari. "Ni penseli," alilionyesha baraza, akilishika kwa vidole viwili. "Michoro ya marehemu. Hati ya mteja wangu ina mihuri mitano. Kama njia hiyo iliwahi kupimwa, mawe yake yako wapi?"

Mwenyekiti wa baraza, mwanamke mnene aliyezungumza kwa nadra, aliwatazama wote kwa zamu. "Hilo ni swali la jembe," akasema. "Jumatano tunakwenda kuangalia."

Jumatano ile mtaa ulijaa mbele ya geti, pale kichochoro kilipoanzia. Walioruhusiwa kuingia getini walikuwa wachache: baraza, mhandisi na wakili wake, mpima kijana na vyombo vyake, na Bi Fito. Mkwe ndiye aliyewafungulia. Alimwamkia mama mkwe wake na kumpisha, naye alimwitikia kama watu waliokutana msibani.

Mawe ya zege hayakuonekana popote, na hilo Bi Fito alilitegemea, maana mafundi walikuwa wamesawazisha uwanja wote. Lakini aliliambia baraza jambo moja. Upande wa baharini mchanga huhama, kwa hiyo mpima mzee hakuamini zege peke yake. Pale alitoboa mwamba ulio chini ya mchanga, akapigilia chuma ndani ya tundu, ndipo akaweka jiwe juu yake. Jiwe linaweza kung'olewa na yeyote. Chuma kile mtu hawezi kukikumbuka kama hakuwepo.

Mpima kijana alipima kutoka ukingo wa barabara, kama daftari lilivyosema, akaweka alama kwenye majani. Vibarua wa mhandisi walichimba. Walifika kwenye mwamba, wakaufagia. Mweupe, mtupu. Wakapanua shimo. Mtupu.

Wakili akatazama saa yake. "Nadhani tumeona vya kutosha."

Mtu mmoja nje ya ukuta aliuliza wamepata nini. Mpima kijana alikuwa amepauka. Alipitia tena hesabu zake huku midomo ikicheza. Bi Fito alisimama palepale, mikono pembeni, akatazama barabara kupitia geti lililo wazi. Alitazama kwa muda mrefu hata mwenyekiti akakohoa.

"Barabara imepanuliwa," akasema hatimaye. "Mwaka wa mafuriko. Mimi ndiye niliyeshika fito. Waliisogeza upande huu. Mwanangu, usipimie barabara. Barabara inatembea. Pimia shule."

Mpima aliruka kama aliyechomwa. Akachukua chombo chake hadi kwenye kona ya shule, akasoma, akarudi, akasoma tena. Alama mpya ikaangukia mita mbili na nusu kutoka kwenye shimo la kwanza, katikati ya tuta la maua mekundu.

Vibarua wakamtazama mhandisi. Mhandisi alikuwa anafuta miwani. Hakusema chimbeni, hakusema msichimbe, na vibarua, ambao walikuwa na watoto wa kulisha, waliegemea majembe yao.

Ndipo mkwe akaja kutoka getini. Alivua kofia yake ya sare akaiweka kwenye kiti. "Bosi," akasema kwa heshima, "naomba nichimbe mimi. Kama hakuna kitu, tutajua sote. Kama kipo, tutajua sote."

Mhandisi alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Alichimba taratibu, akiyaweka maua kando kwa mizizi yake ili yaweze kupandwa tena. Jembe liligonga mwamba. Akapiga magoti, akafagia kwa viganja. Halafu akaacha kufagia. Kwenye weupe wa mwamba palikuwa na duara la kutu, kubwa kama shilingi, na katikati yake kichwa cha chuma.

"Mama," akaita, na sauti yake ilikuwa kavu. "Njoo uone."

Bi Fito hakuweza kupiga magoti, kwa hiyo aliinama akishika bega la mkwe wake. Alikitazama kile chuma alichokishikilia akiwa na miaka kumi na tisa huku mtu mwingine akikipiga nyundo, naye akiviogopea vidole vyake. Alipoinuka alisema tu, "Kimoja hakionyeshi kitu. Njia ina pande mbili. Hatua nne kuelekea kwenye lile bomba la maji."

Akazipiga mwenyewe. Nne. Mpima kijana alipima nyuma yake, na alama yake ikaangukia palepale kisigino cha Bi Fito kilipokuwa. Mkwe alichimba tena. Chuma cha pili kilikuwa pale. Kutoka kimoja hadi kingine, mwenyekiti wa baraza aliishika kamba ya kipimo kwa mkono wake mwenyewe, akasoma kwa sauti: mita tatu kamili. Nje ya ukuta Redio alipiga yowe ambalo, wasema, lilisikika bandarini.

Mambo hayakuisha siku hiyo, hayaishi hivyo. Baraza liliamua njia ifunguliwe ndani ya siku sitini. Wakili akakata rufaa, na rufaa ikala miezi mitano. Bi Fito alihudhuria kila siku iliyotajwa, hata zile ambazo hakimu hakufika, akiwa na mto wake wa kukalia. Mara moja mhandisi alimkuta koridoni, akaketi kando yake, akasema, "Niliuziwa kitu kizima, mama. Sikuiba." Bi Fito akamjibu, "Najua. Ndiyo maana nilikunywa maji yako." Wiki iliyofuata rufaa iliondolewa. Mhandisi aliubomoa ukuta kwa mafundi wake mwenyewe, akajenga kuta mbili mpya kila upande, na kichochoro kikarudi katikati.

Mkwe alifukuzwa kazi. Hakufukuzwa na mhandisi. Ni meneja wa nyumba ya wageni, aliyesema mlinzi anayechimbua bustani ya bosi hafai. Binti hakukanyaga kwa mama yake miezi mitatu. Bi Fito aliona ni wajibu wake kulivumilia hilo. Hakutuma watu kusuluhisha, ila kila Jumapili aliweka sahani ya ziada mezani, na kila Jumapili akaiondoa. Mkwe ndiye aliyepita siku moja moja kumsabahi, akisimama nje kwa adabu. Bi Fito alipomwomba radhi, mkwe alikataa. "Mama, ningebaki pale getini ningelipwa," alisema, "lakini mwanangu angeniuliza siku moja nilikuwa nalinda nini." Baadaye alipata kazi ya kuendesha lori la taka la mji. Alilipenda kuliko sare, ingawa alisema watu sasa wanamsalimia kwa mbali, kwa sababu ya harufu.

Binti alikuja mwenyewe asubuhi moja kabla ya shule. Alimkuta mama yake majini, katika zile hatua arobaini. Akavua viatu, akakunja sketi, akaingia.

"Magoti yanaendeleaje?"

"La kulia linasikia. La kushoto ni kaidi."

"Limerithi," binti akasema. Wakatembea pamoja mpaka mwisho, wakageuka. Kwenye mchanga mke wa fundi viatu alikuwa akimfundisha mumewe kurusha kokoto kwa mkono mbovu. Ilianguka karibu na miguu yake. Akajaribu tena.

Lakini lile daftari la penseli lilikuwa na kurasa nyingi. Mpima kijana alikuwa amezinakili, na siku moja alizileta kwa Bi Fito bila kusema zaidi ya kwamba alidhani angependa kuziona. Njia za watu wote zilizopimwa kutoka mtaani hadi baharini mwaka ule zilikuwa tisa. Walipokwenda kuzitafuta kwa miguu walizikuta wazi nne, tena moja ya hizo ilikuwa ya Bi Fito mwenyewe. Nyingine zilikuwa chini ya maegesho ya magari, nyuma ya mabwawa ya kuogelea, na moja ilikuwa sebule ya mtu.

Redio alisema wapumzike kwanza mwaka mmoja, washerehekee. Bi Fito alimuuliza kama nywele za watu hupumzika.

Wiki hiyohiyo alivaa gauni lake la kutokea. Binti alimshika mkono upande wa kushoto, upande wa goti kaidi, na mpima kijana akabeba mfuko wa vyombo. Walitembea hatua mia nane na kumi na mbili hadi kwenye geti la kijani lenye kengele ya umeme. Ndani mbwa alibweka. Bi Fito alinyoosha gauni lake, akabonyeza kengele, na sauti ya mwanamume kwenye kipaza sauti ikauliza ni nani.

"Ni jirani," akasema. "Tumekuja kukusikiliza kwanza."